Shule ya Misheni, Jasho la Wazazi: Watu Wasiotajwa Waliosomesha Kalinzi na Milima ya Kigoma

Ukitoka Kigoma mjini ukafika Mwandiga, halafu ukashika barabara ya Manyovu, unaanza kupanda. Joto la ziwa linabaki nyuma, hewa inapoa, na pembeni ya njia migomba inachanganyika na mibuni. Huko ndiko iliko Kalinzi. Wageni wengi wanaijua Kigoma kwa mambo matatu tu: migebuka, sokwe wa Gombe, na Ujiji pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kalinzi haimo kwenye orodha hiyo. Wenye kuijua wanaijua kwa kahawa.

Lakini kuna historia nyingine ya milima hii ambayo haina sanamu wala kibao cha watalii. Ni historia ya shule ya msingi ya Kikatoliki na familia zilizoizunguka. Watu wakiisimulia huanza na padri mwenye ndevu na pikipiki yake, na huishia hapo hapo. Kumbe padri alikuwa mmoja. Waliobeba mawe, waliokata nyasi za kuezeka, waliopika uji na waliouza debe la maharage ili mtoto apate daftari walikuwa mamia, na majina yao hayakuandikwa popote.

SHULE ILIYOANZA BILA WAZAZI

Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wanawaita White Fathers, walifika Ujiji Januari 1879. Shirika lao lilikuwa changa, limeanzishwa na Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Ujiji waliyoikuta ilikuwa mji wa biashara: pembe za ndovu, chumvi, mafuta ya mawese, na watu. Misafara ya watumwa ilipita hapo kutoka ng'ambo ya ziwa kuelekea Tabora na pwani.

Mapadri hawakupata nafasi kubwa Ujiji. Mwaka huo huo wa 1879 wakahamia Rumonge, upande wa Burundi, na mwaka 1881 wamisionari watatu wakauawa huko. Wengine wakaweka kituo Kibanga, upande wa Kongo, mwaka 1883. Mwaka 1885 wakapokea kituo cha Wabelgiji kule Karema, kusini mwa ziwa. Kila walipotua walikuwa na watoto. Watoto hao walikuwa wamekombolewa, yaani wamenunuliwa kutoka kwa wafanyabiashara ya utumwa, wakawekwa misheni, wakafundishwa dini, kusoma na kulima.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Darasa la kwanza la Kikatoliki katika ufukwe wa Tanganyika lilikuwa darasa la watoto wasio na wazazi. Hakukuwa na baba wa kuitwa shuleni wala mama wa kuulizwa mtoto amekula nini. Misheni ilikuwa shule, misheni ilikuwa nyumba, misheni ilikuwa ukoo. Mmoja wa watu waliopitia njia hiyo ana jina hadi leo: Adrien Atiman, aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea uganga Malta, kisha akatibu watu Karema kwa miaka zaidi ya sitini mpaka alipofariki mwaka 1956. Huyo alibahatika kuandikwa. Wenzake wengi hawakuandikwa.

Mambo yalibadilika misheni ilipopanda milimani, kwenye vijiji vya watu huru. Mtoto wa Buha alikuwa na baba, mama, shangazi, na mbuzi wa kuchunga. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa dini alilazimika kubisha hodi na kuomba. Alianza kwa mwami au mtwale wake, kisha akaenda kwa mwenye nyumba. Na jibu halikuwa ndiyo kila wakati. Mtoto akienda shule, nani atafukuza ndege shambani? Nani atambeba mdogo wake mama akienda kuteka maji? Basi shule ikajifunza kupatana na wazazi. Kuhusika kwa familia hakukuwa zawadi ya misheni kwa watu. Lilikuwa sharti ambalo watu wenyewe waliliweka, maana bila wao darasa lingebaki tupu.

KATEKISTA, MWALIMU WA KILA KITU

Mtu wa katikati katika patano hilo hakuwa padri. Alikuwa katekista. Padri alikuja mara chache, maana vigango vilikuwa vingi na njia ni za miguu. Katekista alikuwepo siku zote. Asubuhi alifundisha sala na herufi, mchana alilima shamba lake kama wengine, jioni aliamua ugomvi wa jirani. Malipo yalikuwa madogo mno, ndiyo maana familia za kijiji zilimsaidia kulima, na wengine walimpelekea mkungu wa ndizi au kikapu cha viazi. Kwa lugha ya leo, walikuwa wanamlipa mshahara.

Waingereza waliposhika Tanganyika walitaka kuziweka shule hizi kwenye mstari. Mwaka 1925 serikali na wamisionari walikutana Dar es Salaam, na mwaka 1927 ikatoka sheria ya elimu ya Waafrika. Shule iliyofikia kiwango ilipata ruzuku. Isiyofikia ilibaki shule ya vichakani, ya nyasi na katekisimu, bila senti ya serikali. Kwa hiyo kijiji kilichotaka mwalimu mwenye cheti, na darasa la nne ambalo mtoto angefanyia mtihani, kilipaswa kwanza kuonyesha jengo. Na jengo halikutoka mbinguni. Wanaume walifyatua matofali, wanawake walibeba maji na nyasi, watoto wakapanga mawe. Msaragambo huo ndio uliofanya shule nyingi za misheni zisimame.

BABA YUKO MKONGENI

Sasa hapa ndipo penye uchungu wa hadithi. Katika mpango wa wakoloni, Kigoma ilikuwa ghala la nguvu kazi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na ikawa njia ya kuondokea. Wanaume wa Kiha waliandikishwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuandikisha watu, SILABU. Wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Fikiria hilo: mtu anaondoka kwao akiwa na jina, anafika shambani anakuwa namba.

Aliyebaki kijijini ni mama. Ndiye aliyelima, ndiye aliyelipa michango, ndiye aliyekwenda kumsikiliza mwalimu. Tukisema kuhusika kwa wazazi katika shule za milima ya Kigoma, kwa miaka mingi maana yake ilikuwa kuhusika kwa akina mama ambao wenyewe hawakuwahi kushika kalamu. Na walikuwa na sababu ya kila siku ya kutaka shule. Barua ikitoka mkongeni, nani ataisoma? Mtoto wa darasa la tatu anayejua kusoma alikuwa karani wa ukoo mzima. Kupitia mdomo wake mama alijua kama mume ni mzima, kama pesa inakuja, kama mkataba umeongezwa.

Kahawa nayo ikaleta mlango mwingine. Mibuni ilipokubali vilima vya Kalinzi na jirani zake, familia zikapata fedha bila mtu kupanda treni. Msimu wa mavuno ukawa msimu wa kulipa ada na kununua sare. Mpaka leo ukimuuliza mkulima wa huko mwanawe alisomaje, jibu huanza na kahawa.

NA WASIO WAKATOLIKI JE?

Tusiipake historia hii asali. Kigoma si mkoa wa dini moja. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zamani, na milimani kulikuwa na familia zilizofuata mila zao, pamoja na madhehebu mengine ya Kikristo. Pale ambapo shule pekee ya karibu ilikuwa ya misheni, mzazi asiye Mkatoliki alikuwa na chaguo gumu: ampeleke mtoto na aogope atabatizwa na kubadilishwa jina, au amweke nyumbani abaki bila kusoma. Wapo waliopeleka kwa moyo mzito. Wapo waliokataa, na watoto wao wakalipa gharama ya kukataa huko maisha yao yote.

Malalamiko haya yalikuwa ya nchi nzima, na serikali ya uhuru iliyasikia. Kuanzia mwaka 1962 ubaguzi wa rangi na dini katika kupokea wanafunzi ulipigwa marufuku kisheria. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki aliyefundisha shule za kanisa, St. Mary's Tabora na baadaye Pugu. Hilo halikumzuia. Mwaka 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule zilizokuwa zikipokea ruzuku chini ya serikali.

SIKU SHULE ILIPOBADILI MWENYEWE

Mwaka 1969 una mambo mawili kwa Wakatoliki wa Kigoma. Jimbo lilipata askofu Mwafrika, Alphonse Nsabi, akichukua nafasi ya Mwingereza James Holmes-Siedle. Na mwaka huo huo likapoteza shule. Kanisa linakuwa la wenyeji, shule inakuwa ya taifa.

Kwenye makaratasi, mwenye shule alikuwa misheni, sasa ni serikali. Lakini yule aliyefyatua tofali hakuwamo kwenye karatasi ya kwanza wala ya pili. Mwalimu akawa mtumishi wa serikali, anaweza kuhamishwa kutoka upande mwingine wa nchi. Kipindi cha dini kikabaki kwenye ratiba, kila dhehebu na mwalimu wake. Mtoto wa Kiislamu akaingia bila kuuliza. Hiyo ilikuwa haki iliyochelewa. Lakini wazee wengi waliendelea kusema "shule yetu ya misheni", na waliendelea kuja bati lilipoezuliwa na upepo.

Kisha likaja Azimio la Musoma mwaka 1974, la kila mtoto kusoma ifikapo 1977. Madarasa yakafurika, na vijana waliomaliza darasa la saba wakageuzwa walimu kwa mafunzo ya kazini, wale walioitwa walimu wa UPE. Nani alijenga madarasa hayo ya ziada? Ni wale wale.

Kwa upande wa kanisa, miaka ya 1970 ilileta kitu kilichookoa sana. Shule ilipoondoka mikononi mwa parokia, familia zilianza kukutana nyumba kwa nyumba katika Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976. Huko ndiko mtoto yatima alikojulikana hana sare. Huko ndiko mama wa WAWATA, umoja ulioanza mwaka 1972, alikoanzisha mchango. Kazi ambayo zamani ilifanywa na uwanja wa shule ikahamia sebuleni.

KURUDI KWA SHULE ZA KANISA, NA BEI YAKE

Miaka ya 1990 mlango ulifunguliwa tena. Serikali ilisaini makubaliano na makanisa mwaka 1992, na sera ya elimu ya 1995 ikakaribisha wadau binafsi. Majimbo na mashirika ya masista yakaanza kufungua shule za msingi upya. Upande wa pili ada ya shule za serikali ilifutwa mwaka 2001, na wanafunzi wa shule za msingi nchini wakapanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2004. Kuanzia Januari 2016 elimu bila malipo ikafika mpaka kidato cha nne.

Matokeo yake ni mawili, na yanapingana. Shule ya Kikatoliki ya leo ina nidhamu, Kiingereza, sare safi na mahafali ya kupendeza. Wazazi wanaitwa, kuna siku ya wazazi, kuna grupu la WhatsApp. Lakini ili uwe mzazi wa hapo lazima kwanza ulipe ada. Mjukuu wa yule mama aliyebeba maji ya kufyatulia tofali anaweza kupita mbele ya geti kila asubuhi akielekea shule nyingine.

Na kwenye shule ya serikali, mara nyingi ile ile iliyojengwa enzi za misheni pembeni ya kanisa, neno "bila malipo" limewafanya baadhi ya wazazi waone kazi yao imekwisha. Sare, madaftari na chakula bado ni vya mzazi, lakini mkutano wa kamati ya shule ukiitwa, viti vinabaki. Mmoja analipa hivyo haji. Mwingine halipi hivyo haji.

Wazee wa milimani hawakuwa na ada ya maana wala hawakuwa na bure. Walikuwa na kazi ya mikono, na kazi hiyo iliwapa haki ya kuuliza: mwalimu kwa nini hayupo, mwanangu kwa nini hajui kusoma, fedha ya bati imekwenda wapi. Haki hiyo haikuandikwa kwenye sheria ya 1927 wala ya 1969. Waliipata kwa kuwa siku ya kujenga walikuwepo, na kila mtu kijijini aliwaona.