Nyumba za Mji wa Kale Mwaka wa Korona

Wanaoandika tarehe ya maradhi makuu aghalabu huanzia bandarini, wakataja chombo kilichoyaleta, kisha wakaenda kwa wakubwa kunukuu amri zilizotolewa, na mwisho wakahesabu makaburi. Lakini nyumba, ambamo ndimo mgonjwa alimolala, na mtoto alimozuiliwa asitoke, na mama alimokesha akipima homa kwa kiganja cha mkono, hupitwa kana kwamba haina habari. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, fungua uingie ndani. Na mwenye kutaka kujua korona iliwafanya nini watu wa Mji wa Kale wa Mombasa kati ya Machi na Juni 2020 hana budi naye kuingia ndani, kwani huko ndiko lilikodhihirika jambo ambalo waliotoa amri hawakulizingatia, nalo ni kwamba nyumba ya Mswahili haiishii kwenye kuta zake.

Si mara ya kwanza Mwambao wetu kufikwa. Waba wa kipindupindu ulishuka kutoka bara kwa njia ya misafara hadi Pangani, ukavuka bahari na kuingia Unguja mwishoni mwa 1869, na mwaka uliofuata ukawa umekwisha kuwafyeka watu kwa maelfu. Tabibu James Christie, aliyekuwa akiishi Unguja wakati huo, alichapisha kitabu mwaka 1876 juu ya maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki, na fadhila kubwa ya kitabu chake ni kwamba hakuridhika na kutazama bandari na misafara peke yake, bali aliuliza maji ya kunywa huteka nani, na katika kisima gani, na watu wa kila kabila hulaje na huishije majumbani mwao. Maana alitambua kwamba njia ya maradhi hupita jikoni. Karibu miaka hamsini baada ya waba huo, mwaka 1918, mafua makuu yaliingia Mombasa kwa njia ya bandari yakasambaa pwani na bara, na habari nyingi za nyumba zetu za wakati ule zimezikwa pamoja na waliozijua. Ndiyo maana haifai habari za mwaka 2020 nazo ziachwe zipotee ilhali mashahidi wake wangali hai.

Kwanza yafaa kuijua nyumba yenyewe. Mji wa Kale, kuanzia ngome ya Fort Jesus hadi Kibokoni na bandari ya majahazi, ni mji wa vichochoro vyembamba, ambamo ukuta huu hutazamana na ule kwa hatua chache tu. Nje ya mlango pana baraza ya kujengea, na hapo wanaume hukaa baada ya alasiri kwa kahawa na mazungumzo. Ndani mna sebule ya wageni, kisha vyumba vya ahli wa nyumba. Na juu mna roshani, ambako mwanamke huweza kusemezana na jirani wa upande wa pili asishuke chini. Lamu walizidi hata kujenga wikio juu ya njia, nyumba mbili za jamaa mmoja zikaungana hewani, na wapita njia wakapita chini yake. Bibi hulala nyumba hii akashinda nyumba ile. Mtoto hula kwa mama yake akasomeshwa juzuu kwa shangazi. Na sahani ya mahamri na mbaazi za nazi hutoka jiko moja asubuhi ikaingia majumba matatu kabla ya jua kupanda. Alhasili, ahli mmoja huweza kuwa na milango mitano, na kila mlango ukahesabiwa kuwa ni kwao.

Basi amri zikaja, tena zikafuatana upesi. Mnamo tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza. Siku chache baadaye skuli na madrasa zikafungwa. Tarehe 22 mikusanyiko ya ibada ikakatazwa. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Na tarehe 27 ikaanza kafyu ya kutoka saa moja ya usiku hadi saa kumi na moja ya alfajiri. Jioni ya siku hiyo, wafanyakazi waliokuwa wakijihimiza kuwahi feri ya Likoni walipigwa na askari wakatupiwa mabomu ya machozi, na wengi walifika makwao usiku wakiwa wameumia, wakaingia mlangoni na vumbi na machozi, na wake zao hawakujua waanze kuwaosha kwa ajili ya maradhi au kwa ajili ya majeraha. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, mtu asiingie wala asitoke.

Katika majuma yale ya kwanza nyumba ilibebeshwa kazi ambazo hapo awali ziligawanywa mji mzima. Ilikuwa skuli, kwa kuwa masomo yalipitishwa redioni na katika simu, na nyumba yenye simu moja na watoto wanne ilipasa kuamua ni nani asome na ni nani asubiri. Ilikuwa karakana na duka, kwa kuwa watalii walikwisha toweka, na aliyekuwa akiwaongoza ngomeni au akiwauzia vinyago alirudi kukaa na watu wake mchana kutwa, mikono mitupu. Zaidi ya yote ilikuwa zahanati, na hapo mashaka ya maji yalijitokeza; kwani Mombasa ni mji ambao bomba zake hukauka mara kwa mara, na nyumba nyingi hununua maji kwa mtungi kutoka kwa wasukuma mikokoteni. Ukiambiwa unawe mikono kila uingiapo, na nyumbani mna watu kumi na mmoja, na maji hayo hayo ndiyo ya kupikia, ya kufulia na ya kutawadhia mara tano kwa siku, basi kila kata ya maji huwa na hesabu yake. Hesabu hiyo aliishika mama wa nyumba, na hakuna daftari la serikali lililoiandika.

Mwishoni mwa Aprili uliandama mwezi wa Ramadhani ya mwaka 1441 wa Hijria. Jua la Mombasa wakati huo hutua baada ya saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo baina ya kufungua kinywa na kuanza kwa kafyu hapakuwa na nafasi ila ya kusali magharibi na kula tende na kaimati kwa haraka. Misikiti, pamoja na ule wa Mandhry uliosaliwa kwa karne nyingi, ilikuwa kimya. Hapo pakatokea jambo ambalo wazee hawakupata kuliona: tarawehe ikasaliwa majumbani, jamvi na mikeka ikatandikwa sebuleni, na kwa kuwa aghalabu aliyehifadhi Qurani katika nyumba ni kijana wa madrasa na si baba yake, kijana ambaye ndevu bado hazijaota alisimama mbele akawa imamu, nyuma yake baba na ndugu zake, na nyuma yao mama, dada na bibi aliyeketi kitini. Yapo majumba ambayo mabanati wake hawakuwahi hata mara moja kusali tarawehe ya mwezi mzima kwa jamaa, na mwaka ule waliipata. Hii ni neema, wala si haki kuificha kwa sababu ilikuja pamoja na dhiki.

Lakini iliyokatika ilikuwa ni desturi ya kupelekeana futari. Kwa ada, kabla ya adhana ya magharibi, watoto huonekana vichochoroni wamebeba sinia zilizofunikwa kwa kawa, muhogo wa nazi ukienda huku na tambi zikija kule, na sahani iliyokuja na kitu hairudishwi tupu. Mwaka ule kila sinia ilikuwa na swali: aliyeipika ni mzima? Wengine waliacha kabisa. Wengine waliweka chakula barazani, wakabisha hodi, wakarudi nyuma hadi mlango ulipofunguliwa. Kukatika kwa sinia hakukuwa jambo la chakula tu, kwa maana mjane na mkongwe wasiopika walikuwa wakiishi kwa desturi hiyo bila ya kuitwa maskini, na ilipokatika walilazimika kuomba.

Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, serikali iliufunga Mji wa Kale wenyewe, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, na vizuizi vikawekwa kwenye njia za kuingilia. Sababu ilikuwapo, kwani watu walikuwa wakiugua na kufa. Lakini wengi walikataa kupimwa, na wakubwa walililaumu hilo kuwa ni ujinga, nao hawakutazama kwamba waliotangulia kupelekwa karantini walilipishwa gharama, na kwamba katika nyumba ya ahli wengi kuchukuliwa kwa mmoja huwafedhehesha wote. Binti aliyeolewa Kisauni hakuweza kumwona mama yake mgonjwa Kibokoni, na mchuuzi aliyezoea kutoka alfajiri alibaki ndani na watoto wenye njaa. Kwa amri, kila mmoja wao alikuwa nyumbani; kwa hakika, nyumba zao zilikuwa zimepasuliwa vipande.

Msiba ulipotokea, mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15. Kwetu maiti husindikizwa na mji mzima, jeneza likapita bega kwa bega, na wanawake wakajaa kwa mfiwa hadi hitima. Mwaka ule mjane aliingia eda katika nyumba ambayo hapana aliyekuja kumpa mkono wa tanzia. Aliyefiwa hivyo bado anadai kilio chake.

Idi ilisaliwa sebuleni tarehe 24 Mei, na tarehe 7 Juni Mji wa Kale ukafunguliwa. Katika siku zile za kufungiwa vijana wa mitaa walichanga unga, mchele na mafuta, wakavipeleka mlango kwa mlango, nao hawakuhitaji orodha ya mtu, kwa sababu walijua nyumba ipi ina mkongwe, ipi haina mwanamume, na ipi ina haya ya kuomba.

Katika hayo nayaona mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba masheikh na walimu wetu wakae na akina mama, waandike nani alipika, nani aliuguza na maji yalitoka wapi, kama Christie alivyouliza Unguja. La pili lawahusu wenye mamlaka: maradhi mengine yatakapobisha hodi, amri ya kukaa nyumbani ianze kwa kuuliza nyumba ya watu hao ina milango mingapi, na vijana wa mtaa na akina mama wake waitwe kwenye shauri kabla ya askari kuitwa kwenye vizuizi. Maradhi huzuiwa na watu wanaoaminiana, na katika Mji wa Kale uaminifu huo ulikuwapo tayari, ukipita na sinia kutoka jiko hadi jiko. Ulihitaji kulindwa na kuongozwa, si kufungiwa njia.