Wacheuaji

Wacheuaji ni wanyama wala majani wenye kwato zilizogawanyika, ambao hurudisha kinywani chakula walichokwisha kumeza na kukitafuna upya. Miongoni mwao ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, nyati, nyumbu, swala na twiga. Ngamia naye hucheua, ila tumbo lake lina vyumba vitatu badala ya vinne.

Tumbo na vyumba vyake

Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu. Ana ufizi mgumu tu. Huyazoa majani kwa ulimi na kuyameza bila kuyatafuna sana. Majani huingia katika rumeni, chumba cha kwanza, ambacho kwa ng'ombe mkubwa huweza kubeba lita 100 hadi 200. Retikulo hunasa vitu vizito, kama misumari iliyomezwa, na husaidia kurudisha tonge kinywani. Omaso, yenye mikunjo iliyopangana kama kurasa za kitabu, hufyonza maji. Abomaso ndilo tumbo lenye asidi na vimeng'enya, kama la binadamu.

Vijidudu vya rumeni

Ng'ombe hana kimeng'enya chake cha kuvunja selulosi ya majani. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, protozoa na kuvu waishio katika rumeni, mahali pasipo na oksijeni, penye joto la nyuzi 39 hivi. Huchachusha majani na kutoa asidi za mafuta, ambazo hupenya ukuta wa rumeni na kumpa mnyama sehemu kubwa ya nguvu zake. Vijidudu hivyo vikisukumwa hadi abomaso humeng'enywa, vikawa chanzo kikuu cha protini. Gesi, ikiwemo methani, hutoka kwa mbweu.

Ulishaji

Kumlisha ng'ombe, basi, ni kuvilisha vijidudu kwanza. Akipewa nafaka nyingi kwa ghafla, asidi huzidi na rumeni hulegea. Akila lusina (alfalfa) changa kwa wingi, povu huizuia gesi kutoka, ubavu wa kushoto ukavimba, na asipotibiwa haraka hufa. Ndiyo maana lishe mpya huongezwa kidogo kidogo, kwa muda wa wiki moja au mbili.

Ng'ombe mzima akipumzika, tonge huonekana likipanda shingoni, taya likazunguka kwa takriban dakika moja, kisha tonge likamezwa. Mfugaji akiona kucheua kumekoma, amchunguze mnyama mapema.