MAJENGO YA PUMWANI: WALIJENGA NYUMBA, ARDHI HAIKUWA YAO

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mwezi mtukufu umetufikia tena, na tunamshukuru Allah (SW) aliyetupa umri wa kuuona. Mwezi huu tunasoma Qur'ani kuliko miezi mingine yote, na humo Mola wetu anatuhimiza tutembee katika ardhi tuangalie yaliyowapata waliotutangulia. Sisi vijana wa Mashuuru, Kajiado na Kitengela tukisikia hivyo, akili zetu hukimbilia mbali, Misri au Andalusi. Kumbe kuna mahali karibu, pa kwenda asubuhi na kurudi kabla ya futari. Mahali hapo ni Majengo, Pumwani, katikati ya jiji la Nairobi.

Wengi wetu Majengo tunaijua kwa sifa mbaya tu. Ukisema unaenda huko utaambiwa ushike simu vizuri. Tangu nianze masomo ya chuo kikuu nimefika huko mara kadhaa, nikaswali, nikala, nikauliza wazee. Nilichokiona ni kwamba mtaa ule una somo kubwa kwetu sisi watu wa Kajiado, tena ni somo la ardhi.

NAIROBI KABLA YA PUMWANI

Jina Nairobi limetoka kwenye Kimasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Hapo ndipo Wamasai walipokuwa wakinywesha ng'ombe wao. Reli kutoka Mombasa ilifika mwaka 1899, na miaka michache tu baadaye Wamasai wakaondolewa katika sehemu kubwa ya nchi yao kwa mikataba ya 1904 na 1911. Kwa hiyo mji huu ulianza kwa watu kuhamishwa.

Pamoja na reli walikuja wapagazi, askari, wapishi na wafanyabiashara. Wengi wao walikuwa Waislamu: Waswahili wa pwani, Wanyamwezi, Wamanyema kutoka upande wa Kongo, Wanubi waliokuwa jeshini. Walijenga vijiji vyao wenyewe pembeni ya mji, kama Mji wa Mombasa, Maskini na Pangani. Hata majina yanakuonyesha watu wale walikotoka na hali waliyokuwa nayo. Watu wa bara, wakiwemo Wakikuyu na Wakamba, walihamia humo, na wengi wakasilimu. Hakuna jeshi lililowalazimisha. Walisilimu kwa jirani, kwa ndoa, kwa kuzikana na kwa kula pamoja.

PUMWANI YAZALIWA

Wakoloni hawakupenda vijiji vile. Kwao Nairobi ilikuwa mji wa Wazungu, na Mwafrika alikuwa mgeni wa kufanya kazi kisha arudi kwao. Ndiyo maana baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya mji ikatenga eneo moja rasmi la Waafrika, mashariki ya mji, na vijiji vya zamani vikaanza kubomolewa. Eneo hilo ndilo Pumwani, yaani mahali pa kupumulia. Wallahi jina zuri! Lakini waliohamia huko walikuwa wameshabomolewa mara moja tayari.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Baraza la mji lilikupa kiwanja, ukakilipia kodi. Nyumba ulijenga mwenyewe kwa fito na udongo, na paa mara nyingi ni madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mtindo ulikuwa wa Kiswahili: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Hapo ndipo penye siri yote ya Majengo. Nyumba ilikuwa yako, ardhi haikuwa yako.

WANAWAKE WENYE NYUMBA

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: sehemu kubwa ya wenye nyumba wa mwanzo wa Pumwani walikuwa wanawake. Wengine walikuwa wajane, wengine walikimbia shida kwao vijijini, ambako mwanamke hakurithi ardhi. Hapa Majengo mwanamke aliweza kuwa na nyumba kwa jina lake na kukusanya kodi mwenyewe.

Historia haifichi kwamba baadhi yao walipata pesa za kujengea kwa njia ambayo dini yetu inaikataza. Hatuhalalishi haramu, na wala hatukuumbwa kuwa mahakimu wa maiti. Mji ulijaa wanaume ambao mishahara yao haikutosha kuleta wake zao, na mitaa ya kazi ilijengwa kana kwamba mfanyakazi hana familia. Mpango mbovu ulizaa matokeo mabaya. Lakini wanawake hao hao wengi walisilimu, wakalea watoto wasiokuwa wao, wakazikana, wakasimamisha mtaa. Anayewajua kwa dhambi peke yake hajawajua.

Tena uangalie jambo la mirathi. Katika dini yetu mwanamke anamiliki na anarithiwa, jambo ambalo mila nyingi za bara hazikumpa. Si ajabu basi kwamba Uislamu ulikuwa na uzito kwa mwanamke aliyejenga nyumba kwa jasho lake na kutaka kujua itakwenda kwa nani.

SHAURI MOYO

Kijiji cha Pangani kiliendelea kuvumilia mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha kikabomolewa nacho. Kabla ya hapo kilikuwa kituo cha mambo makubwa. Harry Thuku na wenzake waliopinga kipande na kodi mwaka 1921 walikuwa na watu wao pale, Waislamu na Wakristo pamoja. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, na watu wengi wakapigwa risasi wakafa, akiwemo Muthoni Nyanjiru.

Wenye nyumba wa Pangani walijengewa mtaa mpya karibu na Pumwani, ukaitwa Shauri Moyo. Nyumba zilikuwa bora kuliko zile za udongo. Lakini waliruhusiwa kukaa maisha yao tu. Ukifa, nyumba inarudi kwa baraza. Hebu fikiria, ndugu yangu: mtu alikuwa na nyumba ya kurithisha, akapewa iliyo nzuri zaidi isiyorithiwa. Kadhi anaweza kugawa mali ya marehemu kwa haki kabisa, lakini hawezi kugawa kisichokuwa cha marehemu.

MGENI AKIFIKA LEO

Kutoka Kitengela panda matatu mpaka mjini, kisha shuka kwa miguu kupitia Machakos Country Bus na soko la Gikomba. Hapo utapita katikati ya mitumba, mbao na samaki, kelele tupu. Ukivuka unaingia Pumwani. Kuna hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926, ambapo Wanairobi wasiohesabika wamezaliwa. Kuna Barabara ya Digo, jina la watu wa pwani ya kusini. Kuna msikiti wa Riyadha, na yeyote aliyesoma madrasa akisikia jina hilo atamkumbuka Habib Swaleh na Riyadha ya Lamu.

Usitarajie milango ya nakshi kama ya Mji wa Kale Mombasa. Sehemu ya Majengo ya zamani ilibomolewa baada ya uhuru, ikajengwa mtaa wa California, na baadaye yakaja maghorofa mengine. Kwa hiyo historia ya hapa haiko ukutani, iko vinywani mwa watu. Kwa sababu hiyo nenda na adabu. Toa salamu kwanza, usitoe simu ukaanza kupiga picha nyumba za watu. Mama mmoja mwenye umri, aliyekuwa akiuza mahamri na viazi karai, nilimwamkia shikamoo nikamuuliza nyumba yake ni ya zamani kiasi gani. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba hii imejengwa mara tatu, lakini karatasi yake haijaandikwa hata mara moja." Nikakosa la kusema.

SISI WA KAJIADO TUNAJIFUNZA NINI?

Huenda msomaji wa Mashuuru akasema, hayo ni ya Nairobi, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kwetu mashamba ya vikundi yaliandikishwa kwa sheria ya 1968, na kuanzia miaka ya 1980 yakaanza kugawanywa, kila familia na hati yake. Pumwani hawakupewa karatasi, sisi tulipewa. Lakini tazameni Kitengela: wangapi walipata hati wakaiuza upesi, na leo watoto wao wanapanga chumba katika ardhi iliyokuwa malisho ya babu yao?

Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi, na kukosa karatasi ni balaa. Kuna mambo matatu ya kufanya. Kwanza, vijana tuwasaidie wazee wetu waandike wasia na wahifadhi hati zao. Pili, viwanja vya misikiti na madrasa zetu viandikishwe kuwa wakfu ipasavyo, visibaki kwa jina la mtu mmoja ambaye warithi wake hatujui watasema nini kesho. Tatu, tuwaulize wazee habari za miji yetu na tuziandike: nani alijenga msikiti wa kwanza, nani alitoa kiwanja, nani alifundisha. Usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe ni wakati mzuri wa kazi hiyo, kwani wazee wamekaa na chai ipo.

Twamuomba Allah awasamehe na kuwarehemu waliojenga Majengo kwa udongo na madebe, awalipe nyumba isiyobomolewa, na atujaalie sisi kuwa waaminifu kwa tulichoachiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.