Vita vya majini Afrika Mashariki: filamu na wapagazi

Kariokor, mtaa wa Eastlands, Nairobi, umepewa jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Filamu za vita hivyo huwapuuza watu wa aina hiyo. The African Queen (1951) huzamisha manowari ya Wajerumani kwa mashua moja. Graf von Goetzen, ya Ziwa Tanganyika, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Shout at the Devil (1976) angalau huonyesha Waafrika wakiburuta vyuma, ingawa meli yake hulipuliwa kwa bomu la kufichwa. Königsberg halisi iliangamizwa Rufiji na mizinga ya Severn na Mersey, Julai 11, 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa bara na Waafrika. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa.