Maneno ya Mtalaka Kazini

Ndoa ikivunjika huku kwetu, kuanzia Pangani mpaka Moa, vitu vingi hurudi kwa wenyewe: vyombo, kitanda, hata mahari ikiwa kuna madai. Siri hazirudi. Mtu aliyelala nawe miaka saba anajua deni lako, maradhi yako, ugomvi wako na wifi yako, na pengine jina ulilompa mkubwa wako wa kazi usiku ulioingia nyumbani na hasira. Akiamua kuyamwaga, si rahisi kumkanusha, kwani wasikiaji husema, "Huyu alikuwa ndani, anajua." Mbea wa kawaida hukisia. Mtalaka huchukuliwa kuwa shahidi, hata pale anapoongopa.

Wazee wetu walilijua jambo hili, na walikuwa na mahali pa kujibizana. Tangu kanga zilipoanza kuchapwa maneno, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha kwa za Kilatini, mwanamke aliweza kupita mbele ya mlango wa hasimu wake bila kufungua kinywa na ujumbe ukafika. Hakutaja mtu, aliyekasirika ndiye aliyejitaja. Kisha ikaja taarabu, na Tanga haikuwa nyuma katika hiyo. Black Star na Lucky Star zilitikisa mwambao wote, na Shakila Saidi, binti wa Pangani, sauti yake ikafika mbali zaidi ya mji huu. Lakini si mwimbaji peke yake aliyekuwa akisema ukumbini. Mwenye lake moyoni husubiri ubeti unaomfaa, huinuka, huenda mbele kwa madaha, humtunza mwimbaji noti, na mkono wa pili huelekea upande aliokaa mtu fulani. Mtaalamu wa Kimarekani, Kelly Askew, aliyefanya utafiti wake Tanga katika miaka ya 1990 na kushiriki katika vikundi vya muziki vya huku, aliyaeleza hayo katika kitabu kilichotoka 2002. Kwa mwenyeji wa Ngamiani hiyo si habari mpya, ila inapendeza kuona mgeni naye ameiona.

Sasa angalia, msomaji, jinsi ugomvi ule ulivyokuwa na usawa. Aliyesemwa yupo ukumbini. Wimbo ukiisha utakuja mwingine, naye atainuka. Wanaosikiliza ni majirani wanaowajua wote wawili na wanaokumbuka nani alianza. Mtu aliweza kurudi nyumbani ameumia moyo, lakini asubuhi chakula chake kilikuwa pale pale.

Siti binti Saad hakuwa na bahati hiyo. Aliachika, akatoka Fumba akaingia mjini Unguja mwaka 1911, na waliomwonea wivu wakaukejeli ushamba wake na sura yake. Kwa mwimbaji, jina ndilo riziki. Alijibu kwa wimbo, mbele ya wale wale waliomwalika na kumlipa, na mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi sahani za santuri. Wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert wa Tanga, naye ni mtu aliyekula mshahara wa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kwa hiyo maneno ya ofisini hayakuwa mageni kwake.

Na kazi ya mshahara ndiyo iliyobadili mambo huku. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche 1,000 ya mkonge, ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huo huo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga. Yakafuata mashamba, bandari na ofisi, na wakati wetu mashirika ya umma. Katika mahali kama hapo anayesikiliza umbea si jirani. Ni mkubwa mwenye kalamu, ambaye hakuwako kwenye taarabu, na hakwambii alichosikia. Unaona tu kwamba salamu imepoa.

Namjua dada mmoja, karani katika ofisi sitakayoitaja, ambaye mtalaka wake alikuwa stoo ya hapo hapo. Mwanamume akaeneza kwamba fedha za matumizi madogo zinakwenda kwa hawara. Mwezi haukuisha, dada akanyang'anywa ufunguo wa kasha, bila swali wala barua. Shangazi zake wakamshauri kanga. Akaivaa siku ya Ijumaa. Wanawake wakacheka, mhasibu hakuisoma, na mtalaka akapata la kuongeza: "Mnaona? Kauma." Silaha ile ilikuwa nzuri, lakini haikuwa ya uwanja ule.

Mjomba wake, mtu wa chama cha wafanyakazi wa zamani, ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, huyo wa stoo mwache. Muulize aliyechukua ufunguo." Akaandika nusu ukurasa: tarehe aliyoondolewa, ombi la kuandikiwa tuhuma kama ipo, ombi la hesabu kukaguliwa, nakala kwa tawi la chama. Mtalaka hakutajwa hata mara moja. Barua hiyo naiona kuwa na akili kuliko mafumbo yote niliyowahi kusikia.

Mjomba hakuibuni njia hiyo. Sheria ya usalama kazini ya 1964 ilikuwa imeweka kamati za wafanyakazi, ili mtu asifukuzwe kwa neno la mkubwa peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi ni halali na kwamba utaratibu umefuatwa. Aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mbele ya tume, "nilisikia" ni neno jepesi sana.

Hesabu zilikaguliwa, zikakutwa sawa. Ufunguo ulirudi baada ya miezi, bila samahani, na mtalaka hakukemewa. Msibani na harusini bado anasema. Huko dada anavaa kanga zake, na huko zinasomwa.