Mtawanyo wa Raman

Jua likipenya tundu la msumari kwenye bati na kuingia chumba chenye vumbi, mwale huonekana umenyooka kama ufito toka darini hadi sakafuni. Bila vumbi usingeuona. Chembe zile huudaka mwanga na kuurusha huku na huku, na sehemu yake ndiyo inayokufikia jichoni. Huo ndio mtawanyo. Kioo kinapoakisi, mwanga hurudi kwa mwelekeo mmoja unaotabirika. Chembe inapotawanya, mwanga huenda kila upande.

Tofauti ya vitendo hivyo viwili ilimshughulisha mwanafizikia C.V. Raman, aliyezaliwa Tiruchirappalli, kusini mwa India, mwaka 1888. Mwaka 1907 aliajiriwa katika idara ya fedha ya serikali mjini Calcutta. Saa za kazi alikaa na hesabu, na zilizobaki akashinda maabara. Mwaka 1917 aliacha mshahara mnono akawa profesa.

Mwaka 1921, akirejea kutoka Uingereza kwa meli ya Narkunda, aliitazama Mediterania akiwa sitahani. Mwanafizikia Lord Rayleigh alikwisha kusema kwamba bahari huazima rangi ya mbingu. Kiswahili nacho ni kama kinamuunga mkono, maana rangi hiyo twaiita samawati, neno lenye asili ya mbingu. Raman alikuwa na prizimu ya Nicol, akaitumia kuuzima mwanga ulioakisiwa. Bahari ikabaki samawati vilevile. Uakisi, basi, haukutosha kuwa jibu. Molekuli za maji zenyewe zilikuwa zikitawanya mwanga.

Tarehe 28 Februari 1928, yeye na mwanafunzi wake K.S. Krishnan walithibitisha jambo kubwa zaidi. Mwanga wa rangi moja ukipita katika kimiminika, karibu wote uliotawanywa hutoka na rangi yake ileile, lakini sehemu ndogo mno hutoka imebadilika. Molekuli imeumega nishati, au imeuongezea, na kila aina ya molekuli ina kipimo chake. Ndiyo maana leo dawa au kito hutambuliwa bila kuvunjwa. Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 1930.

Tulipeje jina jambo hili? Jina la kimataifa likifasiriwa neno kwa neno hutupa "athari ya Raman". Lakini sikio letu limezoea athari za mafuriko na athari za ukame. Mwanafunzi atauliza ni nani aliyedhurika. "Mtawanyiko" nao hutokana na kutawanyika, hutaja hali ya vitu vilivyokwisha kusambaa, kama mtawanyiko wa watu nchini, bila kujali aliyevisambaza. Raman alichotafuta tangu pale sitahani ni huyo mtendaji. "Mtawanyo" hutokana na kutawanya, kitenzi kinachodai mtendaji, nasi tunaweza kumtaja: molekuli.