KUTOKA KUUSHINDA MTO HADI KUUHESHIMU

Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Historia ya waliopita mito mikali kwa mitumbwi inalithibitisha neno hilo.

Mwaka 1968 Kapteni John Blashford-Snell wa jeshi la Uingereza aliongoza msafara mkubwa katika Nile ya Buluu, Ethiopia. Walikuwa na mashua za mpira, na ndege ya kuwasaidia. Hata hivyo mwenzao, Ian Macleod, alikufa maji. Siku hizo mto ulihesabiwa kuwa adui wa kushindwa.

Mwaka 1972 Mwingereza Mike Jones alikwenda huko na wenzake wachache kwa kayaki, yaani mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, uendeshwao kwa kafi lenye bapa huku na huku. Fikra ikageuka: si nguvu ya jeshi tena, bali ustadi wa kuyasoma maji. Lakini ustadi nao una kikomo. Mwaka 1978 Jones alikufa katika Mto Braldu, Pakistan, akijaribu kumwokoa mwenzake.

Tuje kwetu. Mwaka 2004 Hendri Coetzee wa Afrika Kusini aliongoza safari ya kushuka Nile kutoka Ziwa Victoria hadi Bahari ya Mediterania. Mtu huyo, aliyeijua mito ya Afrika kuliko wengi, alinyakuliwa na mamba mwezi Desemba 2010 katika Mto Lukuga, Kongo, utokao Ziwa Tanganyika.

Je, wapiga kafi waliacha? La. Bali leo anayejifunza hufundishwa adabu kwanza: teremka ukayakague maporomoko kwa miguu, mwenzako akae chini yake na kamba ya kuokolea, pasipopitika, beba mtumbwi begani uzunguke. Abebaye hachekwi.

Tena mto wenyewe si wa milele. Karibu na Jinja, Uganda, ambako vijana wenyeji wamekuwa mabingwa wa kazi hii, bwawa la umeme la Bujagali lililokamilika mwaka 2012 liliyafunika maporomoko mashuhuri. Umeme twauhitaji, lakini aliyekuwa adui sasa anatafuta mtetezi.

Vijana, mkisimama ukingoni mwa jambo kubwa, kagueni kwanza. Na lisipopitika, msione haya kubeba mtumbwi.